Umepunguzwa kazini, unawaza malori: tipa, Fuso ya mikoani au semi ya Kongo?

Kila mwezi sikosi simu mbili tatu za mtu aliyepunguzwa kazini. Inaanza salamu ndefu, mara watoto hawajambo, mara mvua huko vipi, alafu ndo inakuja, "kaka nimetolewa, nina leseni ya gari dogo, nataka niingie kwenye malori, nianzie wapi". Nikimuuliza lori gani anakaa kimya kidogo, maana kwake lori ni lori. Sio hivyo. Dereva wa tipa la mchanga na kokoto anayelala kwake Mbagala na dereva wa semi, lile la kichwa na trela, aliyeko siku ya tisa kwenye foleni ya Kasumbalesa, boda ya Zambia na Kongo, wanafanya kazi mbili tofauti kabisa, wanachofanana ni usukani na maumivu ya mgongo basi.

Mimi nilikua mtu wa stoo hotelini Arusha. 2020 wageni wakakata, tukaambiwa tukapumzike nyumbani wiki mbili, ndo ikawa moja kwa moja. Nikashuka Dar kwa mjomba, nikaanza utingo nikiwa na miaka 34, na dereva wangu alikua kijana wa 26 ananiita mzee huku ananituma maji ya kunywa. Nimeendesha tipa, nikahamia Fuso, lori la kati la mizigo ya mikoani, saivi niko kwenye semi, na kuna asubuhi naitamani ile tipa kuliko kitu chochote. Kwahiyo ninazijua zote tatu na sina sababu ya kuipigia debe hata moja.

Vigezo kwanza

Mimi wakati nachagua niliangalia hela ya tripu peke yake, na hilo ndo kosa. Ningeanza leo ningeuliza vitu vinne. Unaingiaje, na mfuko wako unahimili miezi mingapi kabla hujashika usukani. Hela inakuja kwa mtindo gani, ya kila jioni, ya tripu au ya mwezi. Unalala nyumbani mara ngapi. Na la nne ambalo watu hawaliulizi kabisa: gari likilala, nani anakula hasara? Kulala nasema halitembei, iwe limekufa, iwe mvua, iwe foleni ya boda, iwe hamna mzigo. Gari likitembea kila mtu ana furaha na bosi anakuita mwanangu, likilala wiki ndo unajua uliajiriwa au uliazimwa gari.

Kuingia

Leseni ya daraja D haikubebi, kwenye mizigo mikubwa wanataka E, na hii ni kwa zote tatu. Shule zipo nyingi za mtaani lakini kama una uwezo nenda VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, wana kozi ya magari makubwa ya mizigo na cheti chao ukikitoa mbele ya meneja anakisoma, hakitupi pembeni. Leseni ya kupitishiwa dirishani achana nayo, sikuhubirii, nakwambia tu siku unashuka mlima na tani za watu nyuma hakuna dirisha.

Sasa mfuko. Wengi tunajidanganya na kiinua mgongo. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, na inahesabu mwisho miaka 10, yani ukifanya kazi miaka 8 ni siku 56, haifiki hata miezi miwili, na hapo ni mshahara wa msingi sio na marupurupu yako. Ukiwa na vigezo kuna na fao la kukosa ajira la NSSF, theluthi ya mshahara kwa miezi 6, fuatilia mapema hiyo usione aibu, ni hela yako. Ukijumlisha na akiba unapata jibu la una miezi mingapi. Liandike mahali.

Tipa unaweza kuingia ndani ya wiki chache kama una E na mtu anakufahamu. Unakaa kijiweni, dereva mmoja anaumwa au ana msiba, unachukua gari siku hiyo kama deiwaka, ukirudisha salama kesho unaitwa tena. Mimi nilipata gari langu kwa sababu mwenye gari alichoka na dereva anayezima simu.

Fuso inakutaka utingo kwanza. Miezi sita, wengine mwaka. Na utingo sio kubeba turubai tu, unajifunza njia, unawajua madalali wa mizigo, unajua mizani ipi ya kupimia magari inakuaje, unajua fundi gani wa Makambako anaamka usiku. Mtu aliyetoka ofisini hapa ndo anaumia, sio mwili, heshima. Ukiweza kumeza ile miezi bila kukumbusha watu kwamba zamani ulikua na meza yako unatoboa.

Semi ndo ndefu. Kampuni nyingi wanataka uzoefu wa miaka kadhaa kwenye gari kubwa, wadhamini, pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na wanakupima barabarani na mtu wao kakaa pembeni kimya. Nyingi nilizopita dereva anasafiri peke yake siku hizi, hamna utingo, kwahiyo hata ule mlango wa kuanzia chini umebana. Anayekwambia utatoka kwenye kuuza duka leo na mwezi wa pili uko Lubumbashi, muulize anataka shilingi ngapi, maana hapo kuna hela anaivizia.

Hela inavyokuja

Tipa ni hela ya jioni. Bosi anataka hesabu yake, kiasi mlichokubaliana kwa siku, ukitoa mafuta na hesabu kinachobaki ni chako na utingo. Siku nzuri unapiga tripu tatu za mchanga mjini na unarudi na mfuko mzito, siku mbaya umepakia kokoto Lugoba saa kumi na moja alfajiri unafika saiti fundi mkuu anakwambia mwenye nyumba hajatuma hela, mnakaa hapo chini ya mwembe mpaka saa nane na mzigo wa watu mgongoni. Masika ni njaa, hilo panga kabisa, barabara za kuingia machimboni zinageuka uji na ujenzi unasimama. Lakini hela ya kila siku ina utamu wake kwa mtu ambaye ana kodi ya nyumba na watoto wanataka nauli kesho, na ina ubaya wake pia, inaisha kila siku.

Fuso unapewa posho ya njia na mgao wa tripu, kila bosi na mahesabu yake. Mzigo wa kwenda mara nyingi una uhakika, shida ni wa kurudi. Ukipeleka bidhaa za dukani Njombe ukarudi na viazi umeshinda, ukirudi mtupu mafuta yamekula kila kitu. Mazao yanaenda na msimu, vitunguu Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula, machungwa Muheza, na dereva mjanja anaishi kwa kuijua kalenda ya mashamba kuliko mwenye shamba. Hii ndo sehemu ambayo mtu wa stoo, mhasibu, mtu wa mauzo anapata faida, yani kupiga simu, kuandika, kukumbuka nani alilipa nani hajalipa. Mimi daftari langu la hotelini ndo liliniokoa huku.

Semi mshahara upo kwenye kampuni zinazojielewa, sio mkubwa, hela halisi ni posho ya safari unayopewa kabla ya kutoka. Hapo kuna mtego mmoja. Unapewa hela nyingi kwa mkupuo, inaonekana kama utajiri, kumbe ndani yake kuna chakula chako cha wiki tatu, pancha, maegesho, mlinzi wa usiku na vitu vingine vidogovidogo vya njiani ambavyo hakuna anayekupa risiti. Kinachobaki ndo chako. Ukiacha nusu nyumbani siku unatoka, safari ikirefuka unaanza kukopa kwa madereva wenzako, ukiondoka nayo yote huko njiani itakula na wewe. Kila dereva ana fomula yake na mke wake ana ya kwake.

Na kwenye mafuta nisifiche. Wote watatu mtaambiwa kuna hela kwenye kunyonya dizeli. Kwenye semi siku hizi kuna kifaa kinamwonyesha mtu wa ofisini tenki limeshuka lita ngapi na ulikua umesimama wapi, kwenye tipa hamna ila bosi anajua tripu moja inakula kiasi gani. Watu wanafukuzwa kwa lita ishirini.

Kulala nyumbani

Hapa nitakua mfupi. Tipa unalala kwako karibu kila siku, unatoka saa tisa usiku tu. Fuso unatoka siku tatu mpaka wiki, unarudi, unakaa siku mbili unasubiri mzigo. Semi ya Kongo unaaga ukijua unakwenda lini hujui unarudi lini. Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, hapo ndo unaingia Zambia, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, mpaka Kasumbalesa, na hizo zote ni barabara, barabara unaweza kuihesabu. Kisichohesabika ni kusimama. Nimewahi kwenda na kurudi ndani ya wiki tatu, nimewahi kukaa miezi miwili.

Mwanangu wa mwisho alianza kutembea nikiwa Kolwezi. Niliona kwenye video, mtandao unakatakata, nikaona hatua ya kwanza na ya nne.

Ila kuna watu kwao hii ni sifa. Nina jamaa yangu hajaoa, anasema afadhali kitanda cha nyuma ya siti kuliko kodi ya chumba Sinza, na ukifika Lubumbashi kuna Kiswahili chao cha Katanga, gari wanaita motokari, anakipenda mpaka anakirudia huku nyumbani.

Gari likilala

Tipa likilala hujala. Ni rahisi hivyo. Hamna posho, hamna mshahara, na kama limekufa kwa mkono wako kuna mabosi wanakukata. Nafuu yake ni kwamba uko mjini, unaweza kushika gari la mtu mwingine siku mbili tatu.

Fuso likilala mnagawana maumivu, bosi anapiga simu kila saa na mzigo unaoza. Nilishakaa na nyanya siku mbili kabla ya Mikumi, klachi imekufa, jua linawaka, unasikia kabisa harufu inabadilika kutoka kwenye nyanya kuwa kitu kingine. Mwenye nyanya alikua mama mmoja wa sokoni, hakunitukana, alilia tu kwenye simu, mpaka leo natamani angenitukana.

Semi hapa inategemea kampuni kuliko kitu chochote, na ndo maana nasema soma mkataba. Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima na moja ya vitu vilivyolalamikiwa ni hiyohiyo mikataba, usifikiri imeshaisha. Uliza kabla hujasaini: nikikaa boda zaidi ya siku zilizopangwa kuna posho ya nyongeza? Nani analipa faini ya mizani? Nimeandikishwa NSSF na WCF? Ile ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, usiiache, ukiumia kazini ndo wanaofidia. Mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo siku kadhaa kwa ugomvi wa kibiashara, malori yakajipanga mpaka huoni mwisho, na dereva mwenye mkataba mzuri alikua anapika ugali kwenye lile boksi la jiko pembeni ya trela anapiga stori, na ambaye hana alikua anauza simu yake.

Barabara yenyewe

Nilitaka niiache hii maana kila mtu anajua barabara inaua, ila hatari haziko sawa.

Tipa hatari yake ni watu, bodaboda, watoto wanaorukia nyuma, mashimo ya machimboni, na kunyanyua bodi kwenye ardhi iliyolegea gari likalala ubavu. Fuso ni usingizi na kuzidisha mzigo, bosi anakwambia weka gunia kumi tu hapo juu. Kumbuka magari ya juu ya tani 3 na nusu mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na faini moja ya trafiki ni 30,000, ukila mbili kwenye njia moja mgao wako umeshaondoka.

Semi ni milima na uzito. Mwisho wa uzito kwenye sheria ya Afrika Mashariki ni tani 56 na kwetu inatumika tangu Machi 2019, na mizani ziko, Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba. Tani 56 ukiwa nazo tambarare unazisahau. Kwenye mlima wa Kitonga zinakukumbusha. Mzee aliyenifundisha semi alikua akitoka Iringa na mzigo wa kopa, yani shaba, kabla ya kuanza kushuka anasimama, anashuka na nyundo anagonga tairi moja moja anasikiliza, anarudi anaangalia geji ya upepo, anaingiza gia ndogo juu kabisa bado hata mteremko haujaanza. Nikamwambia mzee mbona mapema, huku tunapitwa na mabasi. Hakujibu. Chini kona ya tatu tukakuta lori limeegemea ukuta wa mlima, matairi yanatoa moshi, dereva kakaa chini barabarani kashika kichwa, mzima. Mzee akasema tu, "huyu aliingiza gia huku chini". Breki zikishashika moto unakanyaga sponji.

Na ukishavuka Kasumbalesa mnahamia upande wa kulia wa barabara, jipe siku ya kuzoea, wiki ya kwanza kila mzunguko unakutisha.

Nani inamfaa

Tipa inamfaa mtu ambaye familia inamtegemea leo sio mwezi ujao, na ambaye ana nidhamu ya kutunza hela ya kila siku, kama huna hiyo nidhamu utafanya kazi miaka mitano na usione kitu. Inamfaa pia mwenye mgonjwa nyumbani. Haimfai anayetaka kupanda, unaweza kuzeeka kwenye tipa ileile.

Fuso inamfaa mwenye mdomo. Mtu wa biashara, anayeweza kuongea na dalali, mkulima na trafiki ndani ya saa moja na kila mmoja akaondoka ameridhika. Wengi waliokuja kumiliki gari lao ninaowajua walipitia hapa, kwa sababu unajifunza bei za mizigo, sio kuendesha tu. Kama hupendi kupiga kelele kwenye simu itakuchosha.

Semi inamfaa mtu mtulivu, anayeweza kukaa peke yake siku nyingi bila pombe wala mambo mengine ya boda ambayo wote tunayajua, anayependa karatasi zake ziwe sawa. Watu waliotoka ofisini wanashangaa kwamba semi inawafaa zaidi ya walivyodhani, maana nusu ya kazi ni nyaraka. Ila mwenye presha au mgongo mbovu aongee na daktari kwanza. Kuna watu wanaogopa treni itaua kazi, SGR imeanza kubeba mizigo 2025 na TAZARA Wachina wanaingia kuifufua. Mi naona mzigo wa njia ndefu utapungua kidogokidogo na gari za kuchukua mzigo stesheni kupeleka ghalani zitaongezeka, hayo ni maoni yangu tu, kama uko chini ya 30 lifikirie, kama uko 45 lisikunyime usingizi.

Kwa hali yako sasa

Una miezi miwili ya akiba au chini, una watoto: chukua tipa, hata kama ndoto yako ni semi. Soma E huku unafanya kibarua kingine, ingia kijiweni, na kila wiki weka pembeni hela ya masika.

Una miezi sita na mwenza ana kipato: nenda utingo kwenye Fuso, tena chagua dereva kabla ya kuchagua gari. Tafuta ambaye gari lake lina siku nyingi halijapinduka.

Una mwaka mzima mkononi, au hujaoa: fanya kozi ya magari makubwa kwa kutulia, toa pasipoti, pata mwaka mmoja miwili kwenye Fuso au gari la kampuni la ndani ya nchi, ndo uombe za nje. Usiruke.

Una zaidi ya miaka 50 na hujawahi kuendesha kitu kikubwa: ningekwambia angalia tipa, au gari la kusambaza bidhaa mjini, Canter ya kampuni ya vinywaji au saruji, mshahara wa mwezi na jioni uko kwako.

Unataka kununua Fuso kwa kiinua mgongo alafu ujifunzie hapohapo: usifanye. Fanya utingo miezi mitatu kwenye gari la mwingine kwanza, hela yako ikae benki.

Na kama zote tatu bado zinakuvutia sawa, kabla hujalipa ada popote omba kupanda tripu moja na mtu, mpelekee vocha na chai, kaa siti ya pembeni kutoka Dar mpaka Mbeya na kurudi. Chukua shuka zito, Makambako usiku kuna baridi na madirisha ya Fuso huwa hayafungi vizuri.